Orodha ya zawadi nyumba inapoongezeka mtu

Jioni hii nawaza jambo ambalo familia nyingi za Dar es Salaam hulionea haya: mtoto wa pili akikaribia kuzaliwa, kuwaambia ndugu bila kuzunguka kinachohitajika. Asiyeambiwa hununua kinachompendeza dukani, nacho huwa kinguo cha mtoto mchanga. Basi kabati hujaa vya miezi 0 hadi 3, na mtoto kwa kawaida hufikisha uzito maradufu karibu na mwezi wa tano. Mimi naona orodha iandikwe kwa miezi na kilo: shangazi mmoja alete nguo za miezi 6, mwingine za miezi 12, na pampasi za namba 1 iwe pakiti moja tu.

Nepi za kitambaa, dazeni mbili. Mtoto mchanga huweza kumaliza kumi kwa siku, na masika nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Anayezaliwa Aprili aandikiwe dazeni tatu.

Kabla ya vya mtoto, hesabu vitanda. Mkubwa akitoka kitandani kwa wazazi anahitaji godoro la futi 3 kwa 6, na neti. Taja upana wa kitanda: neti ndogo haichomekeki chini ya godoro, na mbu hupita hapo hapo. Neti yenye dawa iletwe mapema ili ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, kwani jua kali huipunguza nguvu dawa.

Vya kukataa viandikwe pia. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyea, maana miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama tu, ila daktari akielekeza vingine. Poda, vumbi lake huingia mapafuni. Mto na duveti, mtoto huweza kuzibwa pumzi usingizini.

Kinachonitia hofu zaidi ni nguo za urithi zilizohifadhiwa na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; ni hali ya kawaida katika maeneo yenye malaria, na nyumbani hakuna anayejua. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo yenye naftalini, chembe nyekundu za damu zaweza kuvunjika, apate manjano makali. Manjano yakizidi hudhuru ubongo. Nguo za binamu zinapokewa kwa furaha, mradi ziwe zimefuliwa, zikakauka vizuri na kufungwa mfukoni bila vidonge hivyo.

Mama naye asisahaulike. Doti mbili za khanga, madera yenye zipu mbele, na mtungi wa gesi wa kilo 15 uliojazwa. Gesi haina utepe wa zawadi, lakini arobaini nzima ni maji ya moto, uji na supu, na ndiyo inayoisha kwanza.

Godoro ligawanywe kuwa mchango wa watu wanne watano, na mche wa sabuni uwemo, ili ndugu mdogo aliye chuoni asione aibu kuchagua. Wifi mmoja ashike orodha na kukata kila kilichochukuliwa, la sivyo yatakuja mabeseni matatu. Anayetuma pesa kwa simu aweke na ya kutolea.