Spea ikae wapi: nilivyopanga stoo tatu za malori, Dar hadi Tunduma

Utingo alinipigia saa tano usiku. Lori lina shaba, limesimama juu ya mlima Kitonga, matawi ya miti wameshayatandaza nyuma yake. Diaframu ya breki imepasuka. Hicho ni kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki hata mlo wa dereva wa siku mbili, na stoo yangu ya Dar es Salaam ilikuwa nazo 40. Gari lililala pale siku mbili.

Tajiri hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Hizo 40 huku zinamsubiri nani?"

Tulikuwa na malori 38 ya kwenda Zambia na Kongo, na stoo tatu: Dar, Makambako na Tunduma. Swali lile lilinitia wazimu kidogo, nikagawa kila kitu mara tatu: tabochaja tatu, giaboksi tatu. Hela ya tajiri ikalala kwenye rafu. Tabochaja mbili zikafa Tunduma wiki moja. Kule kulikuwa na moja, nyingine zimekaa Dar na Makambako zinakula vumbi.

Ndipo nikakaa na leja za mwaka mzima, nikaandika kila spea ilitoka lini na gari lilikuwa wapi. Nilichokiona, mafundi walikuwa wanakijua siku zote, sikuwahi kuwauliza. Magari hupanda Kitonga yakienda na huishuka yakirudi na mzigo wa shaba; breki zinaungua kwenye mteremko huo. Sisi laini za breki tulikuwa tunabadilisha Dar, mlima umeshapita! Nikazihamishia Makambako, gari likaguliwe kabla ya kushuka.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Makambako ilikuwa inatumia seti 6 za laini kwa wiki, na nikiagiza, mzigo unafika baada ya wiki 2. Hizo ni seti 12. Nikaongeza 5 za akiba kwa wiki zenye balaa. Zikibaki 17, agiza. Mwezi wa kwanza niliagiza mara mbili kwa kuwa nilitazama rafu tu, nikasahau zilizokuwa njiani. Siku hizi kadi ina safu mbili, zilizopo na zinazokuja, na ni jumla yake inayolinganishwa na 17.

Spea ghali zinazokufa kwa nadra nilizirudisha Dar zote. Tabochaja mbili za pamoja zinatosha stoo zote tatu, maana si rahisi zife kila mahali wiki moja. Ikihitajika, inapanda basi la alfajiri kituo cha Mbezi, na usiku iko Tunduma. Nauli ya parseli ni ndogo mno ukilinganisha na hela iliyokuwa imelala. Sharti ni moja: mbovu irudi kwa basi linalofuata, iende kwa fundi, kisha irudi rafuni. Bila sharti hilo, mbovu zinageuka chuma chakavu na mimi naachwa na kadi inayodanganya.

Vitu vidogo vinavyosimamisha gari (diaframu, feni belti, hosi za upepo, balbu) vimo kwenye boksi ndani ya kila lori. Dereva anasaini akiondoka, tunahesabu akirudi. Mwanzoni feni belti zilikuwa zinayeyuka ajabu, mpaka tulipoanza kudai ile iliyokatika kabla ya kutoa mpya.

Malori bado yanalala njiani, ila si kwa diaframu. Kinachoninyima usingizi sasa ni kingine: tajiri amenunua malori matano ya aina nyingine kabisa, kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Hata filta haziingiliani na zetu. Nimefungua leja yao juzi. Kurasa bado nyeupe, na safari ya kwanza ni Jumatatu.