Mei 2024: siku tuliyosomeana mipangilio kwa simu

Mei 2024 ilitukuta watu wa kusini tumekatika kila upande. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani tarehe 4, mvua ikabomoa barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama, na aliyekuwa na safari ya lazima ikabidi azunguke Songea na Tunduru mpaka atokee Masasi. Hatujakaa vizuri, Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu siku hiyo hiyo. Intaneti ikazorota nchi nzima.

Mimi nilikuwa Mtwara mjini, Shangani. Kazi yangu ilikuwa kutunza huduma ya kupokelea mizigo ya maghala. Gunia likishawekwa kwenye mizani, karani anabonyeza, uzito unasafiri mpaka kwenye seva, seva inarudisha namba inayochapwa kwenye karatasi ya mkulima. Ufuta ulikuwa umeanza kushuka kutoka mashambani, na msimu ukianza hakuna anayeuliza kama leo ni Jumapili. Seva zetu zilikuwa nje ya nchi. Mashine zilizoziita zilikuwa Lindi, Nachingwea, Liwale na Masasi, na lugha waliyoelewana ilikuwa gRPC, mfumo wa wito wa mbali ambao Google iliuweka wazi kwa watu wote mwaka 2015.

Katika wito wa mbali, programu iliyoko Liwale inaita kazi iliyoko ng'ambo kama vile kazi hiyo imeandikwa ndani yake yenyewe. Mwandishi wa programu anaona mstari mmoja tu. Lakini nyuma ya mstari huo kuna maswali ambayo lazima mtu ayajibu. Jibu lisubiriwe kwa muda gani? Likikosekana, tujaribu tena au tuache? Tukijaribu, mara ngapi, na tupumzike kiasi gani katikati? Kwa miaka mingi niliona majibu ya maswali haya yakiandikwa na mtu asiye na habari za seva, yule anayetengeneza programu ya upande wa ghala. Anaweka sekunde mbili kwa sababu kwenye mashine yake sekunde mbili zilitosha. Mwingine anaweka kumi. Wa tatu anajaribu tena bila kikomo. Seva ikilemewa, kila mmoja anaisukuma kwa namna yake.

Ninaamini hivi, na ndivyo nilivyopigania tangu msimu wa korosho uliotangulia: mwenye huduma ndiye anayejua huduma yake iitwe vipi. Yeye ndiye anayejua wito upi ukirudiwa hauna madhara na upi ukirudiwa unaharibu hesabu. Basi yeye aandike mipangilio, aichapishe mahali pamoja, na wote wanaoita waisome hapo. Wazo lenyewe si la jana. Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox, katika makala yao ya mwaka 1984 kuhusu wito wa mbali, walikuwa tayari na daftari la pamoja, hifadhidata iliyoitwa Grapevine, ambamo mtoa huduma alijiandikisha na mwenye kuihitaji akamkuta humo.

Kwa gRPC daftari hilo linaweza kuwa DNS, ile ile inayogeuza majina kuwa anwani. Unaongeza rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi unaohifadhiwa kwenye DNS, ambayo jina lake ni jina la huduma likitanguliwa na `_grpc_config.`, na ndani yake unaandika `grpc_config=` kisha mipangilio kwa mtindo wa JSON, maandishi yanayopangwa kwa mabano na alama za kunukuu. Mashine inapotafuta anwani ya seva, inasoma na masharti ya kuiita. Sisi tulikuwa tumeshafanya hivyo kwa mashine zote za Lindi, Nachingwea na Liwale, ambazo programu yake iliandikwa kwa Go, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Masasi tu ndiyo iliyokuwa nje. Programu ya pale iliandikwa kwa lugha nyingine, Python, na mzee mmoja mwenye uzoefu mkubwa wa mizani, na yeye alinijibu wazi: "Mwanangu, programu ni yangu. Mtu wa seva hawezi kuniamulia nisubiri muda gani." Nilimheshimu, tukaacha.

Jumapili ile saa za mchana simu ya kwanza ilitoka Nachingwea. Karani alikuwa ameshapandisha sauti.

"Kaka, mzigo wa mama huyu umeingia mara mbili. Na wa yule aliyemfuata haupo kabisa. Mama amekaa hapa, hataki kuondoka, na mimi siwezi kumlaumu."

Nikafungua kumbukumbu za seva, zikaja kwa kuvuta. Picha ilikuwa wazi. Mawasiliano ya nje yalikuwa yanapitia njia chache zilizobaki, na majibu yaliyozoea kurudi chini ya sekunde moja yalikuwa yanachukua sita, nane, mara nyingine zaidi. Mipangilio yetu iliruhusu sekunde tatu. Kwa hiyo uzito ulifika, ukaandikwa, lakini jibu lilipokuwa njiani programu ilishakata tamaa na kumwambia karani kwamba imeshindikana. Karani akabonyeza tena. Kilo za mtu ni pesa ya mtu, na pale nilihisi joto usoni.

Zamani dawa ya jambo kama hili ilikuwa fundi kutoka Dar es Salaam kuja na programu mpya kwenye flashi, ghala hadi ghala. Barabara ilikuwa imekatika. Na Liwale hata barabara ikiwa nzima, wakati wa mvua si mahali pa kwenda na kurudi.

Bahati yetu ni kwamba seva ya DNS ilikuwa Dar es Salaam, ndani ya nchi, na mawasiliano ya ndani yalipita. Aliyeitunza ni dada mmoja mtulivu sana, ambaye jioni ile alikuwa nyumbani kwake. Barua pepe hazikuwa zikienda, ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unazunguka tu bila kutoka. Simu ya kawaida ilisikika. Tukakubaliana: mimi nitasoma, yeye ataandika, kisha yeye atanisomea nilichosema.

Tulianza na kazi ya kusajili mzigo. Muda wa kusubiri sekunde 20, na isirudiwe kabisa, maana kuirudia ndiko kulikozaa mizigo pacha. Kisha kazi ya kuangalia mzigo, ambayo hata ukiiita mara mia haibadilishi kitu: sekunde 10, majaribio matatu pamoja na lile la kwanza, mapumziko yaanzie sekunde 2 na kuongezeka maradufu mpaka 15, na irudiwe pale tu seva isipopatikana, si pale muda unapokwisha. Tukaongeza na breki ya pamoja, ile inayopunguza alama moja kwenye akiba ya alama kila wito unaposhindwa na kuzuia marudio akiba ikishuka hadi nusu, ili mashine zisiijazie njia nyembamba iliyobaki.

Kusoma JSON kwa simu ni kazi ya subira. "Fungua mabano ya mraba. Fungua mabano ya mawimbi. Alama ya kunukuu, timeout, funga alama, nukta mbili." Nikamwambia ishirini, akaandika ishirini. Nikamwuliza, "Umeweka herufi s?" Hakuweka. Muda huandikwa kama maneno, `"20s"` ndani ya alama za kunukuu, na ukiandika namba tupu mpangilio wote unakataliwa. Mashine iliyokwisha kupata mpangilio mzuri ingebaki na ule wa zamani, lakini mashine itakayowashwa upya asubuhi ingekutana na ule mbovu na isingeita chochote. Tukarudia mstari ule kwa sauti. Halafu kuna jambo la urefu: kila kipande cha rekodi ya TXT hakizidi baiti 255, kwa hiyo maandishi yetu yalilazimika kukatwa vipande ambavyo DNS inaviunganisha bila kuweka nafasi katikati. Dada yule alikata mahali ambapo hata mimi nisingefikiria, mwisho wa kila mkato, ili jicho liweze kufuata.

Hatukuwapa wote kwa mkupuo. Orodha inayochapishwa inaweza kuwa na chaguo zaidi ya moja, na mashine huchukua la kwanza linaloifaa. Unaweza kuchagua kwa lugha ya programu, kwa asilimia, au kwa jina la mashine. Tuliweka mpangilio mpya juu kabisa, tukaufunga kwa jina la mashine ya Liwale peke yake, na ule wa zamani ukabaki chini kwa wengine.

Kisha tukasubiri. Hapa watu wengi hukosea kuelewa: mashine ya gRPC haiangalii DNS kila baada ya dakika kadhaa. Huangalia inapoanza, na tena muunganisho unapokatika. Siku za kawaida tulikuwa tumeiagiza seva ifunge kila muunganisho ukifikisha umri fulani, ili mashine zirudi kusoma. Siku ile njia yenyewe ilikuwa inakata miunganisho bila kuombwa. Liwale ikasoma. Nikampigia karani, nikamwomba apime gunia moja na asibonyeze mara ya pili hata akiona kimya. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, na kabla hajafika kumi na tano, mashine ya kuchapa ikalia.

Tukaondoa jina la Liwale kwenye sharti. Lindi na Nachingwea zikafuata.

Ikabaki Masasi. Kesho yake asubuhi yule mzee alipiga mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia huko kwenu kumetulia. Kwangu bado."

Nilimweleza kwamba hata nikichapisha sekunde 20, kwake hazitafanya kazi, kwa mambo mawili. Kwanza, gRPC ya Python imejengwa juu ya msingi ulioandikwa kwa lugha ya C, na msingi huo huja ukiwa umezimiwa usomaji wa mipangilio kutoka DNS. Lazima uwashwe. Pili, programu yake ilikuwa na kikomo chake cha sekunde mbili, na kati ya muda wa programu na muda uliochapishwa, ule mfupi ndio unaotawala. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo nililipenda kuliko ubishi wote wa nyuma: "Kwa hiyo hizo ishirini ni kwa sababu ya mkongo. Mkongo ukipona, nani atazirudisha, na nitajuaje?"

Nilimwambia tutazirudisha kwa asilimia, kumi kwanza, halafu nusu, halafu wote, na kabla ya kila hatua ghala zote zitapigiwa simu. Akafungua faili la mipangilio la programu yake, akafuta kikomo chake, akawasha usomaji. Tulikuwa naye kwenye simu mpaka mzigo wa kwanza ulipoingia mara moja tu.

Mizigo pacha ya Nachingwea tuliipitia mmoja mmoja na karani, kwa karatasi za mizani. Yule mama alipigiwa simu, akarudi na kupewa namba yake sahihi, na aliyemfuata pia.

Mikongo ilipotengenezwa tulirudisha mipangilio kama tulivyoahidi. Mzee wa Masasi alikuja Mtwara kwenye kikao cha kujipanga kwa ajili ya korosho, na hoja yake ikapita bila upinzani: rekodi ile ya DNS isiguswe na mtu mmoja peke yake. Mabadiliko yoyote yaandikwe na mtu wa huduma, yasomwe na mtu wa ghala, na yapite kwanza kwenye mashine moja. Akajitolea mashine ya Masasi.