Mtoto wa Watu

Juzi mafundi walipopaka chokaa chumba cha mbele, harufu yake mbichi ilinirudisha Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye kile chumba chetu cha ghorofani, siku bibi alipopanda ngazi kuja kukitazama. Nilikuwa nimekipamba kwa kadi za posta za zamani, kwa kuwa fedha za kununulia picha za fremu hatukuwa nazo, na kwa kuwa kadi hizo nilizipenda, na hadi leo nazipenda, kuliko pambo lolote linalouzwa madukani.

Nilizipata nyuma ya Ngome Kongwe, kwa mzee aliyekuwa akiuza vitu vya kale. Zile safi alikuwa amewawekea watalii. Mimi nilichagua zilizosalia chini ya sanduku: zilizopinda pembe, zilizobanduliwa stempu na wakusanyaji, na zile zilizoandikwa salamu juu ya picha yenyewe, wino ukipita katikati ya mawingu, kama ilivyokuwa desturi kabla ya Uingereza kuruhusu, mwaka 1902, upande wa nyuma ugawanywe baina ya anwani na maneno ya mwandishi. Mzee alinifungia furushi zima kwa bei ambayo isingetosha kununua hata fremu moja.

Aliyewahi kuishi katika nyumba za Mji Mkongwe anajua kwamba kuta za mawe na chokaa hazipatani na karatasi. Unyevu hupanda pamoja na chumvi, chokaa humung'unyika msumari unapogongwa, na kadi iliyogandishwa ukutani kwa gundi haivuki masika. Kwa hiyo nilichukua mshipi wa kuvulia, ambao Malindi haukosekani, nikaufunga kutoka boriti moja hadi nyingine, nikazibana kadi kwa vibanio vya nguo, zikaning'inia mbali kidogo na ukuta ili upepo upite nyuma yake. Faida nyingine ya vibanio ni kwamba kadi unaweza kuigeuza wakati wowote ukasoma nyuma, na kwangu mimi nusu ya uzuri wake iko huko.

Nilizipanga kwa utaratibu wa mtu anayeshuka chomboni. Kwanza bandari, majahazi yakiwa yametua nanga. Kisha Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likiwa na mnara wake wa saa mbele ya ukumbi, alama inayotuonyesha kwamba picha ilipigwa baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, kwa maana kabla ya hapo mnara ulisimama peke yake mbali na jumba. Kisha vichochoro na milango ya nakshi. Katikati, mkabala na mlango, niliweka kadi niliyoipenda kuliko zote: msichana aliyesimama juu ya mkeka, nyuma yake pazia lililochorwa miti, kazi ya studio, ya namna ile waliyokuwa wakiifanya hapa Unguja wapiga picha Wagoa, wenye asili ya Goa huko India, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho. Chini yake palikuwa na maelezo mafupi ya Kiingereza yaliyosema kwamba huyu ni msichana wa Kiswahili, Zanzibar. Hayakuongeza neno.

Bibi alizipita kadi nyingine upesi, akitaja mitaa kwa sauti ya chini. Alipofika kwa msichana alisimama, akaomba miwani yake, akaitoa kadi kwenye kibanio na kuipeleka dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba chai niliyomwekea ilipoa.

"Njoo uone," aliniambia. Kidole chake kilikuwa juu ya kanga ya yule msichana. Nami nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona siku zote nilizoitazama picha ile: mistari ya mikunjo, iliyonyooka, mmoja wima na mwingine ukilala, kama kanga inavyotoka dukani. "Hii haijafuliwa bado. Si yake. Kavalishwa." Kisha kidole kikapanda hadi masikioni. Sikio moja lilikuwa na jasi la karatasi, pana na la kupendeza. Jingine lilikuwa na tundu tupu. "Na jasi wamempa moja. Walikuwa na haraka." Akateremka miguuni, akanionyesha vidole vilivyokunjwa, vikiushika mkeka.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Sijui, bibi. Haikuandikwa."

"Mtoto wa watu huyu, mwanangu," alisema, akanikabidhi kadi mkononi badala ya kuirudisha kwenye mshipi. Kisha akaomba chai nyingine, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele.

Tangu siku hiyo kadi ile imekaa ndani ya bahasha. Nimewahi kuwaonyesha wazee kadhaa, na hakuna aliyemtambua. Najua kwamba hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na kwamba masuria walisubiri hadi mwaka 1909, lakini picha haina tarehe, na kanga ile mpya haisemi kama msichana alikuja studio kwa hiari yake, au aliletwa na mtu ambaye hangeweza kumkatalia. Baba Salma hakubaliani nami. Husema kwamba kumfungia kwenye bahasha si kumheshimu, kwamba angalau ukutani kwetu angetazamwa na watu wanaomtakia mema, na kila anaposema hivyo nakosa jibu la kumpa.

Nalo liko jambo jingine linalonisumbua. Kadi ya bandari sijawahi kuiondoa, na ukiisogelea utaona imejaa watu: wachukuzi wenye magunia mabegani, mabaharia, mvulana aliyeketi ukingoni mwa mashua akimtazama mpiga picha. Bibi aliipita bila kuuliza hao ni watoto wa nani, labda kwa sababu nyuso zao ni ndogo mno, nami bado sijaweza kujieleza kwa nini udogo wa uso utoshe kuniruhusu niwatundike wao, nami nashindwa kumtundika yeye.