Albamu ya Kwanza ya Led Zeppelin: Ubora na Dosari Zake

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tukisikiliza muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo, rithimu na besi hupishana kwa adabu, tunaweza kuisikia albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Uingereza, Led Zeppelin, iliyotoka Januari 1969, kama ugomvi mtupu. Si ugomvi. Ilirekodiwa London mwaka 1968 kwa saa chache mno, na haraka hiyo imeipa uhai ambao albamu nyingi zilizong'arishwa kwa miezi hazina.

Kinachonishika zaidi ni dramu za John Bonham. Katika "Good Times Bad Times" mguu wake wa kulia unapiga ngoma kubwa kwa mapigo ya haraka, yote kwa pedali moja, na hata ndani ya daladala ya Mbagala nayasikia juu ya honi. Katika "Dazed and Confused", Jimmy Page anasugua nyuzi za gitaa kwa upinde wa fidla, ule ule tuujuao katika taarabu, hadi gitaa linalia.

"You Shook Me", hata hivyo, unazidi dakika sita, na kule kuigana kwa gitaa na sauti ya Robert Plant kunachosha. Dosari kubwa zaidi ni ya haki: Willie Dixon, mtunzi wa bluzi, alitajwa kwenye albamu kwa tungo zake zilizomo, lakini Jake Holmes, aliyetoa "Dazed and Confused" mwaka 1967, hakutajwa, wala Anne Bredon, mtunzi wa "Babe I'm Gonna Leave You". Walistahili kutajwa tangu siku ya kwanza.