Weston, jina la mtu aliyehama kwao

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, barua zake alizitia saini "Frank Zanzibar". Ndiyo desturi ya maaskofu wa Kianglikana: ukishakabidhiwa dayosisi, jina la ukoo unaliweka kando na kutumia la mahali. Mimi ni Muislamu wa Mtambwe, Pemba, na kanisa lao la Mkunazini, mjini Unguja, nalijua kwa kulipita tu, lakini saini ile imenikaa moyoni. Maana hilo Weston aliloliweka kando nalo lilikuwa jina la mahali.

West ni magharibi. Ton imetokana na tun ya Kiingereza cha kale: kwanza ua au boma, baadaye kijiji. Weston basi ni kijiji cha upande wa magharibi, na Uingereza viko tele: Weston-super-Mare kule Somerset, Weston Turville kule Buckinghamshire, Weston-on-Trent kule Derbyshire, na vyengine vingi. Kitabu cha Domesday, ile hesabu ya ardhi iliyofanywa 1086 kwa amri ya Mfalme William, kinavitaja kadhaa. Wenzake ni Norton ya kaskazini, Sutton ya kusini na Aston ya mashariki, na yote hayo leo ni majina ya koo.

Ila kijiji hakijioni kuwa kiko magharibi. Wanaokiona hivyo ni jirani zake walio mashariki. Nimezaliwa Mtambwe Kusini, na hilo neno "Kusini" sikulisikia nyumbani ila mtu akienda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kutaka barua. Sisi tulikuwa Mtambwe, basi.

Zamani Mwingereza aliitwa kwa jina moja na likamtosha. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi 1066 watu wakawa wanapeana majina yale yale: William, Robert, Richard, na baadaye John kila nyumba. Karani wa kodi akiwa na akina Robert watano kijiji kimoja, lazima atafute la kuwatenganishia. Huyu akaandikwa Robert mwana wa fulani, huyu Robert mhunzi, huyu Robert wa Weston. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 zimejaa majina ya namna hii. Ilipofika 1538, makanisa yakaamriwa kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, na kwa Waingereza wengi jina la pili lilikuwa limeshaganda. Mjukuu wa mhunzi analima shamba, na bado anaitwa Smith, yaani mhunzi.

Panaponigusa mimi ni hapa. Ndani ya Weston huwezi kumtambulisha mtu kwa kumwita "wa Weston", kwa kuwa wote ni wa Weston. Jina hilo linampata aliyeondoka, na wanaompa ni wenyeji wa huko alikohamia.

Ami yangu alivuka kwenda Dar es Salaam akiwa kijana na kufungua duka Tandika. Mtambwe alikuwa anajulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Tandika akawa Mpemba, hata watoto wadogo wakitumwa chumvi wanaambiwa "nenda kwa Mpemba". Wanawe wamezaliwa huko huko, na Pemba wanakuja Sikukuu tu, lakini nao ni Mpemba. Mkubwa wao ndiye anayeliendesha duka sasa. Juu ya dirisha la nondo ameandika MPEMBA kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, na chini yake kabandika kikaratasi cha bei ya barafu. Hakuna karani aliyemwandikia. Kwa Robert wa Weston naamini mambo yalianza hivi hivi, pale mwanawe aliyezaliwa mjini alipoendelea kuitwa Weston.

Ndiyo maana wanaouza "nembo ya ukoo wa Weston" kwenye mitandao wananikera sana. Kwa Waingereza nembo hupewa mtu na kizazi chake, haipewi kila mwenye jina. Isitoshe, vijiji vingi vilizaa akina Weston wengi wasio na nasaba moja. Lipo jina lenye hadithi tofauti, Sykes, ambalo Dar es Salaam wanalijua vyema. Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipima vinasaba vya kiume vya wanaume wa Kiingereza wenye jina hilo, na karibu nusu yao wakakutwa na alama moja, dalili kwamba babu yao ni mmoja.

Weston lilivuka bahari mapema. Thomas Weston, mfanyabiashara wa London, ndiye aliyeshughulikia mtaji wa safari ya 1620 ya Mayflower, meli iliyowapeleka walowezi wa Kiingereza Amerika. Huko Toronto, Kanada, George Weston alijenga kampuni kubwa kutokana na mikate.

Kwetu halikuota mizizi. Askofu mwenyewe hakuoa. Na watumwa walioachwa huru wakalelewa na misheni walibatizwa kwa majina ya Kiingereza ya mbele, la nyuma likabaki lao: Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, shule ya misheni hapo Unguja, na kupewa upadri 1890, alibaki Majaliwa.

Sisi wengine tunakwenda na majina matatu, na la tatu linaanguka kila akizaliwa mtoto. Wanangu wanalo la baba yangu, wajukuu hawatakuwa nalo. Ukoo wetu haukai kwenye jina, unakaa kwa wazee wanaoweza kuhesabu mababu bila kusita, na wazee hao wanakwisha. Nimeanza kukaa na shangazi yangu na daftari, mababu wa Mtambwe mmoja mmoja, na nani alihamia wapi: Mombasa, Tanga, Muskat. Wewe ambaye babu yako alitoka Mtambwe na huko aliko aliitwa Mpemba tu, niandikie jina lake la asili na la baba yake. Nitamuuliza shangazi.