Siwaogopi watu, nimeshiba tu

Hapa Ngamiani, Tanga, nimeshasemwa mengi: naringa, nimerogwa, nina jini mahaba ndiyo maana sioi. Daktari aliyenipima Dar aliandika jingine: tatizo la haiba la aina ya skizoidi. Yaani ndivyo nilivyo tangu ujana, si kitu kilichoniingia juzi.

Siyo skizofrenia, ingawa majina yanakaribiana. Sisikii sauti, wala siamini kwamba jirani ananifuatilia. Siyo kuona haya pia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, ulitenga makundi haya mawili katika toleo lake la mwaka 1980: kuna anayejitenga kwa kuogopa kukataliwa, na kuna sisi. Yule mwenye hofu anatamani sana kwenda harusini, ila anaogopa kuchekwa. Mimi ni mtu aliyealikwa pilau akiwa ameshiba. Pilau nzuri, wenyeji wakarimu, tumbo ndilo halina nafasi.

Mwongozo huo una dalili saba, na daktari anatafuta angalau nne zilizodumu maishani, si za msimu mmoja. Kupenda kufanya mambo peke yako. Kutokuwa na rafiki wa karibu nje ya ndugu wa damu. Kutojali sifa wala lawama. Hizo kwangu hazina shida; mimi ni fundi majokofu, mteja ananionyesha jikoni na kuniacha na kompresa yake, tunaachana salama. Iliyonigharimu ni ile ya uso usioonyesha kitu.

Mama alipofariki, siku zote za matanga nilikuwa uani nasugua masufuria ya kukodi kwa majivu na makumbi ya nazi. Ukoko ulikuwa umeshika mpaka nikautoa kwa ncha ya bisibisi. Kila aliyekuja kunipa pole nilimjibu "tumeshapoa" kwa sauti ileile ninayomwambia mteja kwamba gesi imekwisha. Shangazi akasema makusudi nisikie: "Huyu mtoto hana moyo."

Moyo ninao. Tangu shule ya msingi nina reli kichwani, inatoka Tanga kupitia Muheza, Korogwe na Mombo mpaka Moshi, ina ratiba yake na mkuu wa stesheni mlevi pale Mombo. Wiki ile ya msiba hakuna treni iliyoondoka. Nani ningemweleza hilo, na angeniitaje?

Ndiyo maana nilishtuka kusoma kwamba W. R. D. Fairbairn, tabibu wa Edinburgh, mwaka 1940 alitaja kuzama katika ulimwengu wa ndani kuwa miongoni mwa alama kuu za watu wa aina yetu. Aliona pia kwamba chini ya ubaridi ule mtu huogopa mapenzi yake mwenyewe yasije yakamdhuru anayempenda. Hilo silikubali wala silikatai. Siku nyingine naona ananisema mimi, siku nyingine naona alikuwa na wagonjwa waliopenda kuongea kuliko mimi.

Upweke haukunipeleka hospitali. Wengi wetu tunafikishwa na sonona, au na ndugu waliochoka. Usingizi ulipotea, simu za wateja nikaziacha ziite, hata reli ikanichosha. Dada akaja akafungasha begi langu bila kuuliza. (Tanga ukitaja daktari wa akili mtu anafikiria hospitali ya Lutindi, Dodoma wanafikiria ya Mirembe, kwa hiyo nyumbani tuliaga kwamba naenda kupima macho.)

Dawa nilizopewa zilikuwa za sonona. Kwa haiba yenyewe hakuna dawa iliyoidhinishwa. Kazi kubwa ni mazungumzo, nayo huenda polepole. Mwanasaikolojia wangu alikuwa mama mtu mzima asiyeogopa kimya. Hakuwahi kuniuliza "unajisikiaje". Aliuliza jokofu linapoa vipi, nikamweleza gesi, mirija na vali, naye akafuatilia kweli. Baada ya muda mrefu akauliza: "Ukiharibika wewe, nani anajua?" Sikuwa na jibu.

Tukaanzia hapo. Hakunitaka nitafute marafiki. Alitaka nisipotee bila taarifa. Sasa kabla ya kuzima simu namwandikia dada: "Nimejifungia, niko salama, nitaibuka Jumapili." Anajibu "Sawa kaka." Hapigi, haji na maji ya dua. Nisipoibuka, ana ufunguo. Tiba ya kikundi nilipendekezewa nikaikataa, ingawa wapo inaowafaa.

Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika 2022, limeondoa jina hili. Sasa hupimwa uzito wa tatizo, na kujitenga huandikwa kama sifa mojawapo. Kwangu cheti hakijabadilisha kitu. Vikao naendelea navyo.

Shangazi naye bado ananitafutia mchumba. Nimemwambia atafute tu, ila kwanza amweleze binti habari za masufuria. Mpaka sasa hajaleta jina.