Tone la jasho kwenye satini

Leo nimelichafua gauni la bibi harusi. Tone moja tu la jasho, limenidondoka puani likatua kwenye satini nyeupe, kifuani kabisa. Satini haina msamaha. Nimelisugua taratibu kwa maji baridi na kitambaa cheupe, nikaliweka mbele ya feni, nikaomba Mungu. Mwenyewe anakuja kesho saa nne. Alama haionekani, labda kwangu mimi ninayejua pa kuitazama.

Hapa Tanga mwezi wa pili joto la kaskazi halichagui mtu, ndiyo maana nimelisingizia muda mrefu. Lakini fundi mwenzangu ninayekaa naye kibaraza kimoja yuko mkavu, mimi natiririka. Joto langu linaanzia kifuani, linapanda shingoni, masikio yanawaka, moyo unakwenda mbio kama cherehani ya umeme. Dakika chache baadaye nasikia baridi, natafuta khanga. Usiku linaniamsha mara mbili, mara tatu. Nina miaka 51, na hedhi niliiona mara ya mwisho kabla ya mfungo wa mwaka jana.

Marehemu mama naye alikuwa hashindi bila kipepeo chake cha ukili. Tukimuuliza, anasema, "Mambo ya ukubwa hayo." Basi. Alipokuja kupooza upande mmoja akiwa na miaka 63, nani angekumbuka kipepeo?

Binti yangu anasomea uuguzi Dodoma. Nilimpigia nilalamike tu kidogo.

"Mama, presha umepima lini?"

"Nimekwambia joto, sijasema presha."

"Ndiyo, mama. Nimekusikia."

Akanieleza. Homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayochunga joto la mwili huanza kushtuka ovyo: joto kidogo tu, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Na homoni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiisaidia mishipa ya damu kulegea. Ikiondoka, lehemu mbaya, yaani kolesteroli kwenye damu, hupanda, hasa katika mwaka ule hedhi inapokatika. Marekani kuna utafiti uitwao SWAN, unawafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 tangu 1996. Kati ya wanaopatwa na joto hili mara kwa mara, nusu hukaa nalo zaidi ya miaka 7. Wanawake weusi wa kule, kama 10. (Hiyo angeninyima tu.) Mwaka 2021 watafiti hao wakatoa jingine: wanaolipata mara nyingi, au kwa miaka mingi, walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi, hata ukiweka pembeni sigara na unene. Kwamba joto lenyewe ndilo linaloharibu moyo, hilo halijathibitishwa. Huenda linapiga hodi tu kwa niaba ya mwingine.

Nikaenda zahanati. Tabibu, kijana mpole, akaniambia ni utu uzima, ataniandikia vitamini. Nikamwomba anipime presha kwanza. Akanifunga mkanda, nami kazi yangu ni vipimo: nikaona wazi ule mkanda ni mdogo kwa mkono wangu, ncha zinashikana kwa shida. 158 kwa 98. Nikamwambia, mwanangu, hii nguo imenibana. Akacheka, akaleta mkubwa. 146 kwa 92. Kumbe mkanda mdogo huipandisha presha ya uongo. Lakini hata ya kweli ilikuwa juu. Nirudi Alhamisi hii na ijayo, halafu tuone habari ya vidonge na damu ya kupima lehemu.

Vidonge vya homoni nilimuuliza pia. Akakunja uso. Naelewa: mwaka 2002 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, wa vidonge hivyo, ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, na hofu ile haijaisha. Wengi wa wanawake wale walikuwa wameshavuka 60. Siku hizi madaktari huwapa wenye afya njema walio chini ya umri huo, kwa ajili ya joto, siyo kwa kulinda moyo. Mimi kwanza presha ishuke.

Limekuja tena nikiwa naandika hapa. Saa tano na dakika kumi usiku. Nimeliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, chini ya 146 kwa 92. Gauni nimelifunika shuka.